Gari la Mbio Halitaki Gia ya Pili

Jumapili asubuhi, saa mbili na nusu, Mkuu wa Kituo alikuwa ameshakasirika mara tatu, na chai ya kwanza alikuwa bado hajainywa.

"Kesho saa tatu fundi anapandishwa mahakamani," alisema. "Nataka jalada lifungwe leo, Kobe. Yule mama aliyelala hospitali alinipokea mimi kwa mikono yake nilipozaliwa. Alimpokea mke wangu. Amewapokea nusu ya askari wa kituo hiki. Hata humo mahabusu, ukiwauliza, saba kati ya kumi wamepita mikononi mwake."

Sajini wa upelelezi, ambaye kituo kizima kilimwita Kobe, hakujibu upesi. Hakuwahi kujibu upesi tangu aajiriwe. Ilisemekana siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama anakubali, bibi harusi aliomba kiti. Lakini ilisemekana pia kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna aliyefungwa kwa jalada la Kobe akaja kuachiwa baadaye kwa sababu Kobe alikosea. Ndiyo maana Mkuu alimpa jalada hili, na ndiyo maana alikuwa akijuta.

"Bado hajaamka?" Kobe aliuliza hatimaye.

"Bado. Nyonga imevunjika, kichwa kimevimba. Madaktari wanasema tusubiri. Mimi nimechoka kusubiri."

Kobe alibeba jalada kwapani, akashuka ngazi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana Jumamosi, saa saba na robo mchana, gari jekundu la mbio, la viti viwili, lilipanda mtaa wenye mwinuko mkali nyuma ya soko. Pale juu kwenye makutano likamgonga mkunga mstaafu aliyekuwa anavuka na kikapu chake. Halikusimama. Baada ya robo saa lilikutwa nyuma ya ghala la mbao, mlango wazi, taa moja imevunjika. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno. Lakini daktari hakuwa na gari siku hiyo, kwa kuwa tangu Alhamisi lilikuwa kwa fundi wake, likitibiwa giaboksi. Na saa saba na robo daktari alikuwa amemwinamia mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, koleo mkononi, aking'oa gego. Mwalimu mkuu alithibitisha hayo kwa maandishi, maana kusema alikuwa hawezi.

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja daktari aliukuta jioni mfukoni mwa koti lake, pale pale alipoutia asubuhi. Wa pili ulikuwa gereji, kwenye msumari. Na gereji siku hiyo alikuwemo mtu mmoja tu.

Huyo mtu mmoja alikuwa ameketi sasa chumba cha mahojiano, mikono yake myeusi ya oili juu ya meza. Mji mzima walimwita Kimya. Maneno yalimtoka kama misumari inavyotoka kwenye ubao wa zamani, mmoja mmoja na kwa kulazimishwa. Mbele yake palikuwa na bakuli la chakula lenye mfuniko, safi, limefungwa kwa kitambaa cha maua.

"Nani kakuletea?" Kobe aliuliza.

"Mke wa daktari."

"Wa daktari huyu huyu anayekushtaki?"

"Ndiyo. Jana jioni. Na leo."

"Mume anakufunga, mke anakulisha. Nyumba hiyo ina kazi."

"Ni mtu mwema," alisema Kimya.

Kobe alivuta kiti. "Jana saa saba na robo ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori."

"Nani alikuona?"

"Lori."

"Fundi, usinichezee. Kesho hakimu hatacheka."

"Sichezi. Nilifunga lango saa sita. Gari la daktari lilikuwa nje ya lango, uani hapakuwa na nafasi. Nilisikia linawashwa. Nikajua mwenyewe kalichukua."

"Hukutoka kutazama?"

"Nilikuwa nimeshika giaboksi ya lori kifuani."

"Na ufunguo wako?"

"Kwenye msumari. Haukutoka."

Kobe aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa duara, na hakupenda kuuharakisha. "Gari lilikuwa linaumwa nini?"

"Gia ya pili."

"Eleza kwa mtu asiyejua."

Kimya alitazama mikono yake, kisha akaamua kutumia maneno ya mwezi mzima. "Ndani kuna pete ya shaba. Kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Ikiisha, ukiitia gia inalia. Ukiilazimisha, inautupa mkono wako. Ukifaulu, inachomoka yenyewe. Daktari aliuziwa hivyo, miezi minane sasa. Aliyemuuzia alitia oili nzito na unga wa mbao humo ndani. Likanguruma kama paka aliyeshiba, siku nne. Ya tano likaanza kulia."

"Akaendeshaje miezi minane?"

"Anaruka. Ya kwanza, kisha ya tatu."

Kobe alisimama. Alipofika mlangoni, Kimya aliuliza, "Umeliendesha, Sajini?"

"Bado."

"Basi," alisema Kimya, akafunga kinywa, na ilionekana kimefungwa kwa siku hiyo.

*

Shahidi pekee wa ule mwinuko alikuwa dobi, mwanamke mwenye mabega ya mpiga ngumi, aliyepiga pasi ya mkaa kwenye kibanda chenye dirisha moja. Pasi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba wezi walishawahi kuiiba mara mbili na mara zote mbili wakaitua njiani.

"Niliwaambia jana wale vijana wako sikumwona dereva," alisema bila kuinua macho kwenye suruali. "Dirisha lilikuwa limejaa mvuke. Niliona wekundu ukipita. Basi."

"Sikuulizi ulichoona, dada. Ulisikia nini?"

Pasi ilisimama. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Nilisikia kama ninavyosikia siku zote. Gari lile napishana nalo miezi minane, Sajini. Linakuja kule chini linapiga kelele, vuuuuu, kama linakwenda mwezini. Halafu linanyamaza kidogo. Halafu hapa, hapa mbele ya mlango wangu, linakohoa. Gu, gu, gu, gu. Linatetemeka kama mzee anayepandishwa kitanda. Halafu linajikaza, linakwenda."

"Na jana?"

"Hivyo hivyo. Vuuuuu, kimya, gu gu gu gu. Halafu likaruka kwa nguvu, kama mtu kakanyaga mafuta kwa hasira. Na baadaye kidogo..." Alishusha pasi kwenye kigae. "Baadaye nikasikia kile kingine. Sitaki kukiiga hicho."

"Kabla ya kukohoa, hukusikia chuma kikilia? Krrrr, kama mtu anasaga mawe?"

"Hapana. Aliyekuwa analiendesha alilijua. Halikulia."

Kobe aliandika: *halikulia*. Akapiga mstari chini yake. Yeye mwenyewe hakujua bado kwa nini.

*

Gari jekundu lilikuwa uwanja wa nyuma wa kituo. Kobe alikuwa mtu wa mwili. Kuingia mle ndani kulimchukua dakika nne na vifungo viwili vya shati, na konstebo wawili waliokuwa wakitazama walilazimika kwenda kucheka nyuma ya tangi la maji. Kirungu cha gia kilikuwa kimesuguliwa na viganja hadi namba zake zikafutika, kikawa laini kama kokoto la mtoni.

Akawasha. Akatia ya kwanza, akatoka geti la nyuma, akashika njia ya kupanda. Akakumbuka maneno ya fundi, akabana meno kama mtu anayesubiri sindano. Akakanyaga klachi, akavuta kirungu chini kutafuta gia ya pili.

Iliingia kama mguu ndani ya kiatu chake.

Kobe alishangaa, akasimama, akaanza upya. Ya kwanza. Ya pili. Hakuna kilio, hakuna mkono kutupwa. Gari likapanda kwa utulivu hadi juu, kama ngamia. Akarudi chini. Sasa akafanya alivyofanya daktari: ya kwanza, akaliacha lipige kelele, vuuuuu, kisha kirungu juu na ya tatu moja kwa moja. Gari likanyamaza, likainamisha kichwa, likaanza kutetemeka. Gu, gu, gu, gu. Kobe akatazama chini kuona kama amekosea gia, na alipoinua macho, ukuta wa shule ulikuwa umesogea karibu kuliko alivyoukumbuka.

Alizima injini pale pale, akakaa kidogo.

Kisha akarudi kituoni kwa mwendo ambao konstebo hawakuwahi kumwona nao.

"Umeitengeneza lini?" alimuuliza Kimya, hata hajaketi.

"Ijumaa jioni."

"Pete mpya?"

"Siyo mpya. Ya gari lililokufa. Lakini nzima."

"Nani anajua?"

"Mimi." Kimya alifikiri. "Na sasa wewe."

"Daktari hukumwambia?"

"Mgonjwa simtangazi kapona kabla ya siku tatu. Nimeshaaibika mara mbili. Unampigia mtu simu, anafurahi, anakuja na mkewe na watoto, gari linakufa getini. Sasa nasubiri siku tatu. Kila fundi aliyepita kwangu anajua."

"Na kwa nini hukuniambia mimi asubuhi?"

"Hukuuliza limepona. Uliuliza lilikuwa linaumwa nini."

Kobe aliomba subira kwa Mungu, akapewa kidogo.

*

"Hebu rudia," alisema Mkuu wa Kituo.

"Gia ya pili ilikuwa nzima tangu Ijumaa jioni, Mkuu. Jana mchana aliyepanda mwinuko ule hakuitumia. Aliruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, kwa ufundi, bila kuliza chuma. Dobi kasikia."

"Kwa hiyo?"

"Fundi ndiye mtu pekee aliyejua ya pili imepona. Angeitumia. Aliitengeneza ili itumike."

"Anaigiza. Aliruka ili tudhani si yeye."

"Alikuwa hajui kama atagonga mtu. Unaigiza kwa ajili ya nani, barabara tupu?"

Mkuu alisonya. "Mwizi, basi. Mtu wa njiani tu."

"Mtu wa njiani hana habari ya ugonjwa. Atatia moja, mbili, tatu, kama anavyofanya kwenye gari lolote. Na zingekubali. Aliyepanda jana ni mtu aliyelizoea gari hilo likiwa gonjwa, na hakujua kwamba limepona."

Saa ya ukutani, iliyokuwa nyuma kwa dakika kumi tangu Mkuu wa kabla ya huyu, iligonga.

"Daktari mwenyewe," alisema Mkuu polepole.

"Alikuwa anang'oa jino."

"Basi nyumbani kwake kuna nani?"

"Ndiko ninakokwenda," alisema Kobe. Akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo asilolipenda, "Naomba pikapu ya kituo. Gia zake nzima zote?"

"Zote. Breki ndizo za kuombea dua."

*

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyevaa fulana na kofia ya dereva isiyo na kampuni tena. Alikuwa baba wa daktari, na mtaa wote walimwita Babu Trela.

"Mwanangu kaenda hospitali kumwona yule mama," alisema. "Karibu. Umekuja kuhusu lile buti jekundu? Mimi sijawahi kukaa ndani yake. Nimeendesha trela la gia kumi na nane, mwanangu. Kuna mlima mmoja nilikuwa naushuka usingizini, utingo ananiamsha chini."

"Mzee, kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi," alisema Kobe, "hebu niingizie hiyo pikapu uani. Klachi yake siielewi. Uisikilize."

Babu Trela hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alizungusha pikapu kichochoro kizima, akarudi, akaingia getini kama anaegesha meli. Kobe alisimama kando, amefumba macho. Kila gia mzee alikanyaga klachi mara mbili, mguu juu, mguu chini, kama madereva wa zamani wa malori wanavyofanya hadi kaburini. Na gia ya pili aliitia, tena kwa heshima zote. Hakuwa yeye. Huyu asingeweza kuruka gia hata kama angelipwa, miguu ingekataa.

"Klachi nzima," alisema mzee akishuka. "Ni wewe mzito."

"Asante, baba. Nani mwingine hapa anaendesha?"

"Hapa? Hakuna. Mimi macho yamefifia, leseni wameninyima." Alicheka. "Labda mkwe wangu. Anajifunza. Jumatano ana mtihani wa leseni. Mumewe ndiye anayemfundisha, kwenye lile buti. Mimi nilijitolea, wakasema nina kelele."

Kobe aliinamisha kichwa. Bakuli lenye kitambaa cha maua lilimpita machoni, na alitamani lisingempita.

Mkwe alitoka jikoni akikausha mikono. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, macho mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu vya harusi. Alimsalimia Kobe kwa adabu, akamuuliza hali ya fundi, kama amekula. Kobe akasema amekula. Akauliza hali ya mkunga. Kobe akasema bado hajaamka. Mwalimu akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwalimu," alisema Kobe, "nasikia Jumatano una mtihani. Nisaidie kuitoa hii pikapu, baba kaiegesha mlangoni na mume wako atashindwa kupita. Tutapanda hadi pale juu, tutageuza, tutarudi. Mazoezi hayo. Nakaa pembeni, kama sheria inavyotaka."

"Sijawahi kuendesha gari jingine," alisema.

"Yote ni magari."

Alisita. Baba mkwe akamwambia, "Nenda, mama, usiniaibishe." Akaenda.

Aliketi sawasawa, akatazama vioo vyote vitatu, akafunga mkanda. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na Kobe aliona hivyo, na kuona hivyo kulizidi kumuumiza. Aliwasha. Akatia ya kwanza. Pikapu ikatoka getini, ikashika kichochoro cha kupanda, injini ikapanda sauti. Vuuuuu. Mwalimu akakanyaga klachi, na mkono wake, kwa wepesi na bila hata kutafuta, ukapita juu ya nafasi ya katikati na kusukuma kirungu kwenye gia ya tatu.

Pikapu ikanyamaza. Ikatetemeka. Gu, gu, gu, gu.

Akatazama chini kwenye kirungu.

"Macho mbele, mwalimu," alisema Kobe taratibu. "Kanyaga breki. Hivyo. Vuta breki ya mkono."

Wakasimama katikati ya mwinuko. Kuku mmoja alivuka mbele yao bila haraka.

"Nimekosea nini?" aliuliza.

"Gia ya pili umeiacha wapi?"

"Haitumiki." Alisema kama anavyosema mbili na mbili ni nne. "Daktari aliniambia. Gari la mbio halitaki gia ya pili, ni ya malori na ya kuvutia mizigo. Ukiitumia unachakaza injini."

"Hii siyo gari la mbio."

Mwalimu aliitazama dashibodi yenye vumbi, usukani uliofungwa utepe, redio ya polisi. Aliyefundisha kuhesabu miaka kumi na minne alionekana anahesabu, na hesabu inakataa.

"Niliwahi kumuuliza," alisema. "Niliuliza kwa nini basi wameiweka. Kila nilipouliza alikasirika. Nikaacha kuuliza."

"Ufunguo ulikuwa kliniki, kwenye koti lake. Jana ulifika huko?"

"Kila Jumamosi nampelekea chakula." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Koti lake hutundikwa nyuma ya mlango."

Kobe hakuandika. Alisubiri, na katika kusubiri hakukuwa na wa kumshinda.

"Nilipita gerejini, nikaliona liko nje. Nilitaka kupanda ule mlima mara moja tu, peke yangu. Ndipo ninaposhindwa. Nikiwa naye ananipigia kelele, nashindwa zaidi. Nikasema nikipanda mara moja bila kelele, Jumatano nitapita. Nikarudi kliniki, nikachukua ufunguo." Alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Likaanza kukohoa. Nikaogopa litazima, litarudi nyuma. Nikatazama gia. Nikakanyaga mafuta. Nilipoinua macho alikuwa pale. Alikuwa ananitazama, Sajini. Alinitambua. Ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza."

"Ukaenda."

"Gari likaenda. Mimi nilikuwa ndani. Nililiacha kule ghalani, nikarudi kliniki mlango wa nyuma. Yule mwalimu mkuu alikuwa bado kwenye kiti. Nikarudisha ufunguo. Nikachukua vyombo, nikaviosha." Aliachia usukani. "Niliosha vyombo. Nikavikausha. Nikavipanga."

"Na fundi?"

"Jana jioni niliposikia wamemchukua, nilisema nitasema asubuhi. Asubuhi nikasema nitasema mchana. Nikampikia." Machozi hayakutoka. Yangetoka, Kobe angepumua. "Ningesema kabla ya kesho saa tatu. Nadhani ningesema."

"Nadhani pia," alisema Kobe, na hakujua kama anasema kweli.

Walibadilishana viti. Kobe aligeuza pikapu, akashuka hadi getini. Daktari alikuwa ameshafika, amesimama na Babu Trela, koti begani. Aliona mkewe anavyoshuka, akaona uso wa Kobe, na mtu anayetazama nyuso za watu wenye maumivu kila siku hakuhitaji maelezo.

"Andika mimi," alisema. "Sajini, andika kwamba nilikuwa mimi."

"Taya ya mwalimu mkuu ilikuwa mikononi mwako, daktari."

"Andika hivyo hivyo."

"Gia ya pili inatumika?" aliuliza mkewe.

Daktari alitazama matairi ya pikapu, moja baada ya jingine, yote manne.

"Nakuuliza."

"Inatumika," alisema. "Kwenye kila gari. Yetu ilikuwa imekufa. Niliuziwa mbovu, na nilikuwa nimeshawaambia watu wote... nimeshakuambia wewe, kwamba nimemweza aliyeniuzia. Niliona aibu."

Babu Trela alivua kofia yake.

*

Saa tisa alasiri Mkuu wa Kituo alitia sahihi karatasi ya kumwachia fundi, kwa nguvu iliyotoboa karatasi. Hakumpongeza Kobe. Alisema tu, "Yule mwalimu anamfundisha binti yangu," akaingia ofisini na kufunga mlango. Hospitali ilikuwa imepiga simu: mkunga amefumbua macho, amekunywa maji, amefumba tena. Wakasema tusubiri.

Mwalimu aliketi kwenye benchi la mapokezi akingoja kuandikiwa maelezo. Mumewe aliketi upande wa pili wa benchi hilo hilo, na kati yao palikuwa na nafasi ya watu watatu ambayo hakuna askari aliyethubutu kuikalia.

Kimya alitolewa. Akapewa mkanda wake, kamba za viatu, na funguo za gereji. Kobe alimweleza kwa kifupi, maana alistahili kuambiwa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kubadili uso. Alimpita daktari kama mtu anavyopita nguzo. Kisha akasimama mbele ya mwalimu, na Kobe akasogea hatua moja, akijiandaa kwa lolote, kwa kuwa mtu aliyelala sakafuni kwa kosa la mwingine ana haki ya maneno mawili matatu.

Kimya alichuchumaa hadi macho yao yakawa sawa.

"Ya pili iko chini ya ya kwanza," alisema. "Mstari mmoja. Husogezi pembeni. Unakanyaga klachi mpaka mwisho, unavuta moja kwa moja chini. Niliitengeneza Ijumaa. Ni nzima. Nilikuwa nasubiri siku tatu nimwambie daktari. Zingetimia kesho."

Mwalimu alimtazama. Kisha mkono wake uliokuwa mapajani ukafunguka, ukashika kitu ambacho hakikuwepo, na polepole, bila kwenda pembeni, ukakivuta chini.

"Hivyo," alisema Kimya. Akainuka, akaenda kufungua gereji.